Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho haya mawili, mimi Masese, dereva ambaye Kisumu nzima hakuwa na mwenzake. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti, nikapita kwenye tope la masika, na chai isimwagike.

Ilikuwa mwaka 1964, ziwa lilipopanda likameza mashamba ya watu. Tajiri wangu Bichage, muuza vitambaa, alikuwa amenunua gari, Pijo nyeupe. Kila Jumapili lazima tutembee kando ya ziwa mpaka Homa Bay, ale samaki, apige picha, turudi jioni. Alikaa nyuma kama gavana.

Siku hiyo jua likizama, akaniambia nisimame nje kidogo ya mji apige picha ya mwisho. Yeye anahangaika na kamera, mimi nimeshaona. Macho yangu yalikuwa makali bwana.

Kwenye matete palikuwa na mtu.

Kifudifudi. Shati la manjano. Maji yanamsukuma... yanamrudisha... yanamsukuma.

"Bwana mkubwa," nikanong'ona, "tumvute. Watu wa huku wanasema aliyezama ni wa yule aliyemwona kwanza. Unamtoa, unamfunika majani, unawaita watu wake. Ukimpita, anakufuata."

"Anifuate na nini? Ana gari?" Bichage akacheka. "Polisi watatuweka hapa mpaka kesho. Na viti vyangu ni vipya. Twende!"

Hatujafika mbali, mama mmoja akasimama katikati ya barabara, matope mpaka magotini. Akaja akainama kwenye dirisha langu.

"Mwanangu, mimi ni Bathsheba, wa hapo juu. Leo siku ya tatu natembea ufukoni. Hukuona mtu huko? Kijana wangu Jeremiah, alizama na mtumbwi. Ana shati la manjano. Nataka tu nimzike."

"Hatukuona mtu, mama," Bichage akajibu kutoka nyuma, akipandisha kioo.

Nilitaka kumburuta yule mtu nje kwa tai yake. Nikakanyaga mafuta.

Karibu na Asumbi gari likawa zito, kama limepakia mchanga mbichi. Likalalia upande mmoja. Harufu ya matope na matete ikajaa ndani. Halafu...

Tap.

Tap... tap.

"Masese," Bichage akanong'ona. "Umefungua mlango?"

"Gari linakimbia hivi, nifungue mlango gani?"

"Basi nani amekaa hapa?"

Nikatazama kwenye kioo. Hakukuwa na mtu. Lakini kiti kando yake, upande wa kushoto, kilikuwa kimebonyea. Na pale kilipobonyea, maji yanajaa.

"Endesha! Endesha, mjinga wewe!"

Hapo nikapandwa na mori. "Mama yake umemdanganya. Sasa mdanganye na yeye basi!" Nikapiga breki, nikageuza gari, nikamrudisha Bichage Homa Bay akilia kama mtoto. Tulimkuta Bathsheba bado yuko barabarani. Nikamwonyesha matete. Akampata mwanawe, akamzika palepale ufukoni, na kiti kikakauka.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa kitu kimoja.

Sikugeuza gari.

Nilikanyaga mafuta mpaka Kisumu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Bichage aliuza ile Pijo wiki hiyohiyo, na nasikia analala vizuri, shetani yule! Aliyenunua naye hajawahi kulalamika.

Mimi nimeendesha magari sita tangu siku hiyo. Jua likizama, kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kinalowa. Napangusa, natukana, napangusa. Kinalowa tena.

Kamera ya Bichage ilichelewa. Aliyemwona kwanza ni mimi.