Fomu Zenye Udongo wa Kaburi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kupiga rangi viatu vya Mama, naye akipiga pasi blauzi yake ya kijani ya kampuni. Niliichukia kazi hiyo jamani! Visigino vilikuwa vimelika upande mmoja, soli ya kushoto imeshikwa kwa gundi, na kila jioni viatu vilirudi vimejaa vumbi la mitaa yote ya Thabong, mji wetu wa wachimba migodi kule Afrika Kusini. Vumbi tu, hakuna kingine. Mama alikuwa wakala wa bima ya mazishi, na hakuwa na mshahara. Mtu akisaini fomu, Mama anapata kamisheni yake. Asiposaini, tunakula ugali na majani ya maboga.

Zamani watu walisaini bila shida. Kisha shimo kubwa la mgodi likafungwa, mamia ya wanaume wakapunguzwa kazini, na mtaa mzima ukakaukiwa. Mama alipiga hodi, akafunguliwa mlango, akaitwa kwa heshima Mme, yaani mama, kisha akakataliwa pale pale kizingitini.

"Mme Puseletso, hata ya kuishi hatuna, wewe unatuuzia ya kufia?"

Watu walicheka, na Mama akacheka pamoja nao. Akawatakia siku njema, akaenda mlango wa pili. Kicheko chake hicho kilinichefua. Mtu anakutukana, nawe unamtakia siku njema? Nilimwona mama yangu ni mnyonge, na nilimwonea aibu mbele ya wenzangu.

Mwezi wa sita ofisi ikatoa tangazo. Wakala asiyeleta watu wapya kumi kufikia Jumatatu, siku ya mwisho wa mwezi, arudishe blauzi na aage. Alhamisi ilipofika, Mama alikuwa na mtu mmoja tu.

Alhamisi hiyo hiyo alikuja Ausi Mampho, yaani Dada Mampho, wakala mwenzake, msichana wa kucha ndefu na manukato ya kukohoza. Ofisini walikuwa wakimsifu miezi mitatu mfululizo. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akanywa chai yetu, akakunja nne.

"Unajichosha bure, Mme Puseletso. Jumamosi yule mzee jirani yenu, Ntate Ralebitso, anazikwa, si ndiyo? Simama getini, penye mabeseni ya kunawia. Mtu aliyetoka kumwaga udongo juu ya jeneza hakatai bima. Anatetemeka! Anasaini hata usipomweleza kitu."

Mama aliweka kikombe chini. "Unawasainisha watu kabla hawajanawa?"

"Wakishanawa wanawaza nyama," alisema Mampho, akaangua kicheko.

Kwetu mtu akitoka makaburini haingii uani, hali chakula, hampi mtu mkono, mpaka anawe kwenye yale maji yenye vipande vya mshubiri. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Mama alisimama, akafungua mlango.

"Toka na maneno hayo nyumbani kwangu, Mampho. Yananitia kinyaa."

Mimi nilitiwa kinyaa na Mama. Siku nne zimebaki, na bado anachagua mlango wa kupita! Nikamkimbilia Mampho barabarani.

"Ausi, Jumamosi nitakuja mimi. Nitachukua fomu za Mama."

Alinifinya shavu. "Kumbe nyumba hii ina mtu mwenye akili! Wewe shika taulo, maneno niachie mimi. Zikijaa za mama yako, zinazofuata zangu."

Jumamosi Mama alikuwa nyuma ya nyumba ya msiba tangu alfajiri, pamoja na wanawake waliokuwa wakikata kabichi na kuchemsha mikate. Hakuweza kuliona geti. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasichana waliopewa taulo za kuwafutia watu mikono, na zile fomu tisa zilizopungua, nilizozichomoa kwenye mkoba wake nilizificha chini ya taulo langu. Watu waliporudi kutoka makaburini, Mampho alijipenyeza kando yangu, uso mkavu, bila haya.

"Saini hapa, mama yangu. Ukifa hata kesho, watoto wanalipwa."

Ulikuwa uongo. Kampuni hailipi chochote katika miezi sita ya kwanza, isipokuwa kwa ajali. Nilijua, kwa sababu fomu hizo nilizisoma nyumbani mara nyingi. Hata hivyo nikaendelea kugawa fomu. Watu walisaini, macho mekundu, wengine bila hata kutazama karatasi. Fomu moja, mbili, tano, nane.

Wa tisa na wa mwisho alikuwa Ntate Seutlwadi, mdogo wa marehemu. Alikuwa amefukia kaburi la kaka yake kwa koleo, kama wanaume wa ukoo wanavyofanya, na udongo ulikuwa umemganda mpaka viwikoni. Miwani hakuwa nayo.

"Binti, hii ni orodha ya waliokuja kumzika kaka yangu?"

Nilifungua mdomo. Mampho akaniwahi. "Ndiyo, Ntate. Weka dole gumba hapa."

Mzee akaweka dole. Alilikandamiza kwa nguvu, kwa heshima, kama anayemfanyia kaka yake jambo la mwisho. Alipoliondoa, alama ya udongo mbichi ilibaki kwenye karatasi, na chembe zake zikaangukia vidole vyangu. Siku hiyo nyama iliiva mafuta yakielea, na mimi sikuweza kumeza hata tonge. Lakini fomu sikuzitupa. Niseme ukweli wangu: nilizikunja vizuri, nikazipeleka nyumbani.

Jioni nilimkabidhi Mama. Kwanza uso wake uling'aa, na mng'ao ule bado unaniuma nikiukumbuka. Akazifungua moja moja. Alipofika ya tisa, alikwaruza lile doa kwa ukucha.

"Huu ni udongo wa wapi, Nthabeleng?"

Nilificha mikono nyuma.

"Nimekuuliza. Ni udongo wa wapi?"

"Wa makaburini, Mama."

Hakunipiga. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni. Akaifuta, akaitazama, akanawa tena. Ningeona afadhali anizabe makofi.

"Lakini Jumatatu watakufukuza!" nililia. "Nilifanya kwa ajili yako!"

"Watanifukuza, ndiyo. Vaa viatu. Tunazirudisha."

Tulizunguka nyumba tano jioni hiyo na nyingine nne Jumapili asubuhi. Kila mlango, Mama alinisukuma mbele niseme mwenyewe. Mwanamke mmoja aliniita mwizi mdogo, akafyonza mpaka jirani akatoka kutazama. Mwingine alisema, "Kumbe hata nyinyi!" kisha akamtazama Mama kama mtu anayetazama panya kwenye unga. Mama aliinamisha kichwa, akachana fomu mbele yake, akaomba radhi. Sasa niliona ni nani hasa aliyemtia aibu mwenzake.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ntate Seutlwadi. Alikuwa amejifunika blanketi karibu na jiko la makaa, mkewe Mme Mmathapelo akimkorogea uji. Nilieleza yote. Mzee aliteremsha blanketi mabegani.

"Kwa hiyo nilidhani namuaga kaka yangu, kumbe nanunua bima?"

"Ndiyo, Ntate."

"Mtoto, umenichafua."

Hakupaza sauti. Nililia pale pale, kamasi zikinitoka, na hakuna aliyenibembeleza. Mama alichana fomu ya mwisho, akageuka tuondoke.

"Ngoja, Puseletso," alisema Mme Mmathapelo. "Hiyo bima inalipa lini hasa? Yule wa manukato alisema hata kesho."

"Alikudanganya, Mme. Ukiugua ukafa kabla ya miezi sita, watoto hawapati kitu. Ukikosa kulipa miezi miwili, inakatika. Kama huna hakika ya kulipa, usisaini."

Nilitamani kumziba mdomo. Kazi inakwisha kesho, naye anafukuza wateja! Mme Mmathapelo aliendelea kukoroga uji. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha wanawake wa mtaa ule.

"Tangu mgodi ufungwe tumezika watu saba," alisema. "Sanduku la chama limebaki tupu, na tunaogopa wa nane. Mawakala wamekuja wengi na maneno matamu. Sijawahi kuona wakala anayerudi kuchana fomu yake mwenyewe. Tunakutana leo saa nane mchana. Njoo uwaambie wenzangu hayo hayo, usipunguze neno."

Tulikwenda. Mama alinisimamisha katikati ya wanawake kumi na tisa, akaniambia nisome fomu yote kwa sauti, hata yale maandishi madogo ya chini. Walituhoji saa mbili nzima. Mmoja alisema afadhali anunue mbuzi, kwa kuwa mbuzi anazaa, akaondoka. Wengine walisema hawana uwezo, na Mama akawaambia wamefanya vema kusema. Kumi na mmoja walichagua bima ya bei ya chini kabisa. Wakasaini taratibu, kila mmoja akiuliza mpaka aridhike.

Jumatatu Mama alipeleka ofisini fomu za watu kumi na wawili, yule wa awali akiwemo, akabaki na blauzi yake.

Siku mbili baadaye tulikuwa uani, tukichambua majani ya maboga, Ausi Mampho akakatiza mtaa wetu. Habari za getini zilikuwa zimeenea. Mlango wa kwanza ulifungwa kabla hajaufikia, kisha wa pili, kisha pazia la dirisha la tatu likavutwa. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliacha nusu ya nguo kwenye beseni, akaingia ndani. Mampho alitembea katikati ya barabara kana kwamba haoni, visigino vikigonga kwa haraka.

"Mama," niliuliza, "mbona wewe walikukatalia miezi yote ile, na kila asubuhi ukaamka ukaenda tena? Hukuchoka?"

"Nilichoka sana. Kuna siku nililia njiani," alisema. "Lakini mtu kusaini au kutosaini si juu yangu, hasa wakati mbaya kama huu. Juu yangu ni kwenda, na kusema kweli. Walinikatalia, mwanangu, ila walifungua mlango ili wanikatalie. Maadamu mtaa bado unanifungulia, mimi bado nina kazi. Umeona mwenyewe walivyomfungia mwenzangu. Huyo amekwisha poteza kazi yake, ofisi tu ndiyo haijajua."

Nilitazama barabarani. Mampho alikuwa amefika mwisho wa mtaa, amesimama mbele ya nyumba ya mwisho, akipiga hodi. Alipiga tena na tena, na hakuna aliyeitika.