Pumzi Ndani ya Strima

Wimbo ulikuwa haujaanza, lakini mtu alikwisha kuvuta pumzi.

Makungu aliinua kichwa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kusikilizia dukani kwa Balbir, juu katika ghala kuukuu la Digbeth, mjini Birmingham, na mbele yake zilikuwa strima mbili, visanduku vya kuvuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya. Tangu adhuhuri alikuwa akizishindanisha kwa taarabu ile ile. Ya kwanza, mpya, ilitoa sauti safi kama maji ya kunawa. Ya pili, nyeusi, isiyo na jina la kiwanda, ilitoa sauti yenye mwili. Na kabla fidla hazijalia, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, palisikika mwanamke akivuta pumzi karibu mno, kama kwamba amesimama nyuma ya kiti.

"Nataka hii," alisema.

Balbir, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, hakuonyesha furaha ya mfanyabiashara. Alimweleza kwamba ile nyeusi ilikwisha kuuzwa na kurudishwa zaidi ya mara moja, na kila aliyeirudisha aliiacha mlangoni akaenda zake bila kudai kitu.

"Chukua ile ingine, Mzee Makungu."

"Ile nyingine haina roho."

"Ndiyo sababu nakuambia uichukue."

Makungu hakuwa mtu wa kusihiwa. Alipostaafu udereva wa basi, aliigeuza sebule ya mbele ya nyumba yao, kule Great Barr, kuwa chumba cha muziki. Alitundika mazulia ukutani, akazipanga spika, akaweka kiti kimoja tu. Mkewe, Mize, hakuwa na mahali pa kukaa humo.

Na huyo Mize ndiye aliyekuwa na sauti. Zamani, Unguja, Makungu alimposa kwa kumsikia tu, akiimba kasida upande wa wanawake, kabla hajamwona uso. Lakini sauti ile ile ilipomfuata Birmingham ikageuka kero. Akiimba jikoni, mumewe humpigia kelele kutoka sebuleni apunguze, anamharibia muziki. Mwishowe Mize aliacha kuimba. Mtoto wao Rashad alikua, akaoa, akahamia Moseley, bila kukumbuka kuwahi kumsikia mama yake akiimba.

Strima nyeusi ikawekwa. Makungu alisikiliza siku nzima, akatoka na uso uliong'aa. Kitu kimoja tu hakukielewa: kisanduku kilikuwa na joto hata kikizimwa, na kwenye matundu yake kilitoa harufu ya kinywa cha mtu aliyefunga tangu alfajiri. Alikipangusa. Harufu ikarudi.

Wiki hiyo Mize akaamka sauti imekauka. Alidhani ni baridi. Alikunywa tangawizi, akaenda kwa daktari, akamulikwa kooni, akaambiwa koo lake ni zima. Sauti ikazidi kukwaruza. Na kadiri sauti ya jikoni ilivyofifia, ndivyo ya sebuleni ilivyonona, mpaka jioni moja, jioni zile za baridi ambapo giza huingia kabla watoto hawajafika nyumbani kutoka shule, strima ikaanza yenyewe kuimba kasida ambayo Makungu hakuichagua, na iliyoimba ilikuwa sauti ya Mize, Mize msichana, kama alivyomsikia nyuma ya ukuta.

Makungu alilia. Hakuogopa, hilo ndilo baya. Kasida ilipokwisha, sauti ikasema naye polepole.

"Umenikumbuka?"

"Nimekukumbuka."

"Bado nina upungufu. Kilichobaki kiko kwake. Mfanye azungumze."

Basi mtu aliyemnyamazisha mkewe miaka na miaka akaanza kwenda jikoni. Alivuta kiti, akakaa, akamuuliza habari za utoto wake, chuo alikosoma Kurani, harusi ya dada yake. Mize hakuamini. Alipakua wali, akampa pande la nyama aliyokuwa akiipenda, akazungumza. Alizungumza kwa lile koo lililopasuka, akicheka, akipepesa macho kama bibi harusi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo, na kila kisa alichokitoa kilitoka na kipande cha sauti, na mumewe alikuwa akikiona kikitoka, akiiona midomo ya mkewe ikisema maneno ambayo sasa nusu yake hayasikiki, naye akitikisa kichwa kwa upole na kumwambia, "Endelea, Mize. Ehe, halafu?"

Kisha huondoka, akajifungia sebuleni.

Siku moja Mize alimpelekea chai, jambo ambalo hakuzoea kulifanya, kwa furaha tu. Alipofika mlangoni alisikia mwanamke akizungumza ndani. Kisa kilikuwa cha dada yake na kanga zilizotumbukia kisimani, alichokisimulia mchana ule ule, na sauti ilikuwa yake, nzima, laini, haina hata mkwaruzo mmoja, ikicheka pale pale alipocheka yeye, na baada ya kicheko akamsikia mumewe akisema kwa sauti ya kubembeleza, "Kesho nitamuuliza habari za marehemu mama yake. Hapo atalia, na kilio bado hatuna."

Mize alitaka kupiga ukelele. Kinywa kilifunguka, hakikutoa kitu.

Rashad alipoona mama yake hawezi hata kunong'ona, na baba yake hatoki sebuleni, alimleta Bi Asmahan. Alikuwa mama wa Kipemba aliyehudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na saa alizokuwa hayupo kazini aliitwa na watu kwa mambo wasiyoweza kumwambia daktari. Aliingia sebuleni mchana, akanusa, akaagiza umeme uchomolewe ukutani. Rashad akachomoa. Muziki haukukatika.

Bi Asmahan alichoma ubani, akaketi sakafuni mbele ya kisanduku, akasoma. Kiooni mwa strima pakatanda ukungu, kama kioo kilichopuliziwa kwa ndani. Mazulia ya ukutani yalivuta ndani na kutoka, taratibu, ndani na kutoka, na ile harufu ya kinywa kikavu ikajaa chumba kizima hata Rashad akafunika pua kwa mkono wa koti, na Mize, aliyesimama mlangoni, akahisi koo lake mwenyewe likipanda na kushuka kwa kuifuata pumzi isiyokuwa yake.

"Nani wewe?" Bi Asmahan aliuliza.

"Sina jina," ilijibu sauti ya Mize kutoka spika zote mbili. "Nina sauti za watu."

"Umeingiaje nyumba hii?"

"Sikuingia. Nimechaguliwa. Tuliwekwa wawili, akanichagua mimi."

"Toka, uache ulichokichukua."

"Nitatoka. Na nitaacha. Lakini aliyenichagua aseme kwa kinywa chake kwamba hanitaki."

Wote wakamgeukia Makungu. Alikuwa kitini, mikono magotini. Bi Asmahan akamwambia kwa heshima, "Bwana Makungu, ni neno moja tu. Sema, mkeo arudishiwe sauti yake."

Makungu alimtazama Mize. Mwanamke wa makamo, macho mekundu, kinywa wazi, mkono kooni. Na papo hapo spika zikaanza ile kasida ya zamani, kwa utamu ambao hazijawahi kuutoa, kila pumzi mahali pake.

"Baba," Rashad alisema. "Sema."

Makungu alifumba macho. Akainua kidole kuwanyamazisha.

"Ngojeni kwanza huu wimbo uishe," alisema.

Mize aligeuka akaenda jikoni. Walidhani amekwenda kulia. Alirudi na birika la umeme lililokuwa likitokota, akampita mumewe, akampita Bi Asmahan aliyenyoosha mkono kumzuia akipiga kelele kwamba hivyo hakitarudi kitu, akayamimina maji yote juu ya strima nyeusi.

Ukelele uliotoka humo ulikuwa wake. Ulipanda mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, ukalia kama mtu anayechomwa moto anavyolia, ukaita jina la mama yake, ukamwita Rashad, na Mize mwenyewe akawa amesimama na birika mkononi, akiisikiliza sauti yake ikiungua. Kisha ukakatika, na mazulia yakatulia.

"Humu ametoka," Bi Asmahan alisema alipoweza kusema. "Alikokwenda sikujui. Na alichochukua amekwenda nacho."

Makungu alikuwa amepiga magoti, akikipangusa kisanduku kwa shati lake, akikiita kwa jina la mkewe. Hakumtazama mwenye jina hilo.

Mize alichukua koti na sanduku dogo, akaenda na mwanawe. Huko Moseley alijifunza kuandika haraka kwenye simu na kupiga makofi akitaka kuitwa. Wajukuu walimzoea. Hakuna aliyemsikia akilia, kwa kuwa kilio chake hakikuwa na sauti.

Siku za jua zilipoanza, Rashad alimchukua mama yake kwa gari kwenda kumtembelea dada wa Mize, aliyekuwa akiishi mji mwingine. Walikuwa barabara kuu ya M6, magari yamebanana, mchana mweupe, Rashad akifuata ramani ya simu iliyokuwa ikimwelekeza kwa Kiingereza kama siku zote. Akasikia pembeni yake, "Shika kushoto, mwanangu."

Rashad, ambaye tangu utotoni alizoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza, alisahau Kiingereza chote. Macho yalimjaa machozi.

"Mama," alisema. "Mama, umesema."

Mize alikuwa amejikunyata mlangoni, mbali kadiri mkanda ulivyomruhusu, viganja vyote viwili vimeziba kinywa, akitikisa kichwa.

"Kushoto," ilisema simu, na kabla haijasema tena ilivuta pumzi. "Turudi nyumbani. Baba yako amekaa peke yake, na bado ana sauti."