Dira ya Mwalimu Jean-Berchmans

Maiti ya Mwalimu Jean-Berchmans ilikutwa chini ya machimbo ya mawe, mlimani Jali, juu ya mtaa wa Gatsata. Alilala kifudifudi, mkoba mgongoni, dira bado mkononi.

Inspekta Cassien aliizunguka mara mbili akikuna kichwa. Hakuna kilichoibiwa. Hakuna jeraha la kisu wala la risasi.

"Ameanguka," alisema daktari. "Zaidi ya hapo sioni kitu."

Wanajeshi wa kambi ya jirani walikuwa na jibu lao tayari. Ilikuwa Novemba 1991, vita viko kaskazini mwa nchi, na mtu mwenye dira na ramani aliitwa jasusi kabla hajaulizwa jina. Walitaka wakabidhiwe Muhire, karani wa posta aliyekuwa na marehemu, kesho yake saa sita mchana. Cassien alijua kwamba wanaopelekwa kule hawarudi upesi, na wengine hawarudi kabisa.

"Mlifuata nini porini?" alimuuliza Muhire mahabusu.

"Kutembea tu, chef, mkubwa wangu. Mwalimu alitaka tuache njia, tupande kwa dira mpaka kilele. Ilikuwa mara yetu ya kwanza."

"Na njia iko?"

"Alisema tukiweza, atafundisha wanafunzi."

"Ukamsukuma."

"Oya, hapana! Ukungu ilikuwa mingi. Nilimwambia, mwalimu, naona tunashuka. Akasema macho inadanganya, dira haidanganyi. Akatangulia. Nikasikia mawe tu."

"Dira ni nzima, kilele iko juu, na nyinyi mnashuka?"

Muhire alianza kulia. "Hata mimi sielewi, chef."

Cassien naye hakuelewa, na hilo lilimkera. Kusema kweli, inspekta wetu alikuwa mtu wa kupotea hata sokoni. Lakini asubuhi alipanda mwenyewe na dereva wake, dira ya marehemu mkononi, akafuata mstari uliochorwa kwenye ramani: nyuzi arobaini za dira kutoka mkaratusi mkubwa.

Alitokea kwenye migomba ya bibi mmoja. Akarudi, akaanza upya. Akatokea migombani tena.

"Unatafuta nini, mzee?" aliuliza bibi.

"Kilele."

"Iko nyuma yako."

Aliona aibu, akageuka kwa hasira, akateleza. Bastola ikamchomoka kiunoni, ikaanguka majanini. Sindano ya dira ikazunguka, ikatulia ikielekea upande mwingine kabisa.

Cassien aliisogeza bastola karibu na dira, na sindano ikaifuata. Akampa dereva ile bastola, akamwambia akae mbali, akaanza mara ya tatu. Sasa mstari ulipanda moja kwa moja, ukayaacha machimbo mbali mkono wa kushoto. Kumbe mwalimu naye alibeba kitu kilichoivuta dira. Lakini kitu gani? Mwalimu hakuwa na bastola.

Saa nne alikuwa ofisini, vielelezo vyote mezani. Akavisogeza kimoja kimoja karibu na dira. Kalamu, kimya. Viatu, kimya. Mkanda wa mkoba ulipofika, sindano iliruka. Akafumua mshono. Ndani mlikuwa na sumaku ya spika ya redio, nyeusi, ya mviringo.

Uzi ulikuwa wa bluu, mshono mdogo na sawasawa, wa mtu anayeishi kwa kushona. Cassien alijua aende nyumba gani, na moyo ulimuuma.

Illuminée, mjane wa marehemu, alishona sare za shule kwake Kimisagara. Inspekta alimtoa katikati ya waombolezaji, wakaingia chumba cha cherehani.

"Mama, nani alishona mkanda huu?"

"Mimi."

"Na hii iliyokuwa ndani?"

Aliigusa sumaku kwa kidole. "Ilitoka kwa redio yetu mbovu. Yeye mwenyewe ndiye alinionyesha. Aliweka dira karibu ya redio, sindano ikageuka, akacheka sana."

"Ulitaka afe?"

"Mana yanjye, Mungu wangu! Nilitaka apotee tu." Aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Jirani yetu, wanajeshi walimchukua kwa sababu ya darubini. Nilimwomba mume wangu aache dira. Akasema naogopa bure. Nikafikiri, akipotea siku ya kwanza atarudi na matope na aibu, ataitupa. Nilishamwekea maji ya kuoga."

Cassien hakujua aangalie wapi. Alikuja kumkamata muuaji, na sasa hakujua amempata nani.

"Muhire alijua?"

"Hakujua kitu."

"Wanajeshi wanamchukua saa sita."

Illuminée alijifunga kitenge upesi. "Basi twende. Andika njiani."

Garini alieleza yote tena, akatia sahihi. Palipoandikwa *kosa*, kalamu ya inspekta ilisimama. Auandike woga wake? Au upendo? Aliandika kwanza kwamba Muhire hana hatia.

Luteni wa kambi alisoma karatasi ile kituoni, akamtazama mama, akasema hapa hakuna jasusi, akaondoka na watu wake.

Muhire alifunguliwa. Alipomwona Illuminée alimkimbilia, akamkumbatia akilia.

"Nisamehe, mama. Ningemshika mkono, angekuwa hai."

Illuminée alimfuta machozi kwa pembe ya kitenge; Muhire alikuwa bado hajaisoma ile karatasi.