Kitabu cha Mto

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nyatichi aliteremka mtoni kusoma rula. Haikuwa rula ya kupigia mistari daftarini. Lilikuwa bamba refu la chuma, jeupe, lenye namba nyeusi za sentimita, lililosimikwa kwenye zege chini ya daraja la miguu. Watu wa kijiji chao, huko Soin, waliliita rula ya mto na jina likashika. Nyatichi aliinama, akaisoma namba pale maji yalipogusa bamba, kisha akaiandika pamoja na tarehe katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu.

Kitabu hicho kilikuwa cha baba yake, Mokaya. Nyatichi alimwita Tata, kama Wakisii wengi wanavyowaita baba zao. Mokaya alichuma majani chai huko juu Kericho kwa miaka kumi na minne, mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kisha akanunua ekari mbili huku chini Soin, ambako mvua huja kama mgeni asiyependa kulala. Mahindi yake yalifika magotini, yakanyauka. Majirani walimtania kwamba ameacha mvua akafuata vumbi, naye alicheka pamoja nao na kupanda tena.

Kwa hiyo kaunti ilipotangaza mpango wa kuchimba mfereji mkubwa wa kumwagilia mashamba, Mokaya alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wahandisi walisema hawawezi kuchimba kwa kukisia. Walitaka kujua mto una maji kiasi gani, hasa wakati wa kiangazi, na hilo lingejulikana kwa kusoma rula kila siku kwa mwaka mzima. Mokaya akapewa kazi hiyo. Hata siku ya arusi ya ndugu yake alishuka mtoni na suti, suruali ameikunja hadi magotini, akasoma, akaandika, ndipo akaenda kanisani akiwa amechelewa.

Sasa Mokaya hakuwepo tena. Alifariki dunia mwezi wa tatu, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nyatichi, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameirithi kazi yake. Kila mtu alimsifu. Kila sifa ilimchoma, kwa maana alikuwa na siri.

Siri yenyewe ilianza Februari, figo za Mokaya ziliposhindwa kufanya kazi akalazwa Kericho. Mama yake Nyatichi, Esnah, alishinda hospitalini. Nyatichi na mdogo wake Vinny walipelekwa Kapsoit kukaa kwa shangazi yao Nyakerario, na kila jioni Nyatichi alikwenda kumwona baba. Mokaya alikuwa amekibeba kitabu chake hadi kitandani, akakiweka chini ya mto wa kulalia. Kazi ya kusoma rula alikuwa amemwachia kijana jirani, Kepher.

"Nyatichi, umempigia Kepher?" aliuliza jioni ya kwanza, akihema kwa shida. "Rula inasemaje?"

Nyatichi alikuwa amepiga kwa simu ya shangazi mara nne. Simu ya Kepher ilikuwa imezimwa. Baadaye sana ndipo alipojua kwamba Kepher alipata kibarua Sigor akaondoka bila kuaga. Lakini jioni ile Nyatichi aliyatazama macho ya baba yake, yamevimba, yanamngoja. Angewezaje kumwambia kwamba mto haukusomwa?

"Hamsini na saba, Tata."

Mokaya akatabasamu. "Mto wetu umesimama imara." Akakichukua kitabu, akaandika kwa herufi zilizopinda.

Kesho yake akauliza tena. Hamsini na sita, akasema Nyatichi. Hakuthubutu kuishusha namba zaidi, maana kila aliposema mto haujapungua, uso wa baba yake ulipata nuru kidogo. Akaendelea hivyo kwa siku kumi na tisa. Siku ya mwisho alisema tena hamsini na saba, na baba yake alipoiandika mkia wa ile saba uliteleza hadi ukingoni mwa karatasi. Asubuhi iliyofuata Mokaya akafariki, na siku ileile mvua ikaanza kunyesha Soin. Siku sita za msiba ziliachwa wazi kitabuni. Nyatichi alipoishika kazi, mto ulikuwa umejaa, na hakuna aliyeweza kujua ulikuwa umeshuka hadi wapi.

Mwaka wa kupima ulikwisha. Jumamosi moja ya mwezi wa sita, watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Nyatichi aliketi mbele kando ya mama yake, ambaye bado alivaa kitambaa cheusi kichwani.

"Chamgei!" alisalimu Mzee Kipyegon, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Chamgei mising!" wakaitikia wote, Wakipsigis kwa Wakisii.

"Mimi nimeona miradi mingi ikifa hapa," alisema mzee. "Lakini hii haitakufa, kwa sababu Mokaya alituachia kitabu."

Injinia Charity Ndung'u wa kaunti akasimama, kitabu mkononi. Akaeleza taratibu ili kila mmoja aelewe. Kaunti ingelipa nusu ya gharama. Nusu nyingine ingekuwa mkopo wa benki, na wakulima wangeulipa kwa miaka kumi kutokana na mavuno, kwa kuwa sasa wangevuna mara mbili kwa mwaka. Kila mwenye shamba angeweka hati yake kuwa dhamana.

"Nawaambia bila kuficha," alisema. "Maji yakikosekana, mavuno yatakosekana, na mkopo hautalipika. Mtu anaweza kupoteza shamba. Ndiyo maana niliangalia sana mwezi wa Februari. Siku zile sita za msiba si kitu, mvua ilikuwa imeanza. Na kabla ya hapo mto haukushuka chini ya hamsini na tano. Mfereji unaweza kulisha ekari mia sita."

Watu wakapiga makofi. Lakini bibi mmoja, Chepchumba, ambaye watoto wote walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, akanyoosha mkono.

"Mimi Februari nilivuka huu mto na ndala miguuni," alisema. "Maji hata haikufika kwa kifundo."

Watu wakaangua kicheko. "Gogo, Mokaya alipima! Wewe ulipita tu!" mtu akapaza sauti.

Chepchumba akatikisa kichwa, akacheka naye. "Basi. Kama ni Mokaya aliandika, macho yangu ndiyo imezeeka. Leteni hiyo karatasi, niweke kidole wa kwanza."

Akajikongoja hadi mezani. Hati ya shamba lake ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa vizuri. Nyatichi akaona kidole gumba cha bibi kikibonyezwa kwenye wino. Akisema, jina la baba yake litaingia doa, na zile namba za mwisho alizoandika zitafutwa. Asiposema, Gogo ataweka shamba lake juu ya maji ambayo hayapo.

"Gogo, usiweke kidole!"

Mama yake akamgeukia. Nyatichi alisimama, machozi yakimtiririka.

"Tata hakudanganya watu. Ni mimi," alisema. "Kepher hakuwa anasoma. Tata aliuliza kila siku, nami nikamtungia namba. Zote kumi na tisa. Sikutaka ahuzunike."

Hapakuwa na makofi kwa ukweli huo. Mama yake alijifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti ambayo Nyatichi hakuwa ameisikia tangu siku ya mazishi. Mkulima mmoja, Omariba, akaruka juu.

"Mwaka mzima umepotea! Nimeuza ng'ombe nikatayarisha shamba, halafu mtoto ananiambia alitunga?"

Akaondoka kwa hasira, na wengine wakamfuata. Injinia Charity alikifunga kitabu. Kisha akasema lililokuwa lazima kusemwa: bila kiangazi kilichopimwa, hawezi kupeleka mpango benki. Ingebidi wangoje kiangazi kingine.

Akamwita Nyatichi mezani, akafungua kitabu kwenye zile kurasa na kumpa kalamu. Nyatichi akayatazama maandishi ya baba yake, yanayozidi kupinda siku baada ya siku. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mkono wake.

"Siwezi kuyafuta," alinong'ona.

"Sikukuambia ufute," alisema Injinia, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hesabu iliyokosewa haifutwi. Inapigwa mstari mmoja mwembamba, ili bado isomeke, na pembeni unaandika sababu. Baba yako alijua hivyo."

Nyatichi akapiga mistari kumi na tisa. Pembeni akaandika: *Hakuna aliyesoma. Mokaya alikuwa amelazwa.* Kisha Injinia akaweka sahihi yake chini.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mvua ilikatika mapema, mahindi yakanyauka kama kawaida, na Chepchumba akamuuza mtamba wake kununua unga. Shuleni baadhi ya watoto walimwita Nyatichi "Hamsini na Saba". Kila asubuhi alishuka mtoni, na mara nyingi aliandika huku akilia, lakini aliandika alichokiona.

Februari ikafika. Maji yakashuka hadi arobaini, yakashuka hadi thelathini na tano, na siku moja yakasimama kwenye ishirini na tisa. Injinia Charity alikuja mwenyewe, akapiga magoti kwenye mawe makavu, akasoma, akashusha pumzi.

Mkutano ukaitwa tena. Mpango ulikuwa umebadilika. Ekari hazikuwa mia sita tena bali mia mbili na themanini, na lingechimbwa bwawa la kuhifadhi maji ya masika. Mkopo nao ulikuwa mdogo, ambao wakulima wangeweza kuulipa. Walio mbali na mfereji wangengoja awamu ya pili, na Omariba alikuwa mmoja wao. Hakufurahi, lakini alimpa Nyatichi mkono.

"Kama tungechimba kwa zile namba za kwanza," alisema, "leo benki ingekuwa kwa mlango yangu."

Chepchumba akawa wa kwanza kuweka kidole.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama yake Nyatichi alitangulia mpaka walipofika kwenye migomba. Hapo akasimama, akamshika bega.

"Nilikukasirikia sana, sitakuficha," alisema Esnah. "Nililia kwa sababu Tata yako alikufa akiamini uongo. Lakini najua ulimdanganya kwa kumpenda. Ila, mwanangu, mapenzi hayajazi mto. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli hata ukiwa mchungu, kisha kaa naye mlie pamoja. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaweka kidole chake juu ya kosa lako."

"Nitakumbuka, Mama."

Esnah akaingia ndani kuwasha moto. Nyatichi alibaki peke yake kando ya kaburi, kitabu kifuani. Akakifungua kwenye ukurasa wa kiangazi hicho.

"Ishirini na tisa, Tata," alisema. "Nilisoma mwenyewe."

Akakifunga kitabu, akafuta machozi, akaenda kumsaidia mama yake.