Folda Tano Nyuma ya Kitanda

Asubuhi ile Tarishi hakulalamika hata mara moja, na fundi angeshtuka hapo hapo kama angekuwa ameshakunywa chai.

Tarishi hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kubeba mafaili kutoka makao makuu ya kampuni ya samani hadi kwenye kompyuta za matawi, na kwenye kompyuta moja ya akiba iliyokaa nyumbani kwa fundi, chumbani kwa binti yake. Alikuwa na adabu za mkwe mpya, huyo Tarishi. Akifika akakuta folda ya kuwekea faili haipo, haingii, anarudi kushtaki. Kila siku mashtaka ishirini, na fundi anatengeneza folda moja moja kwa mkono, huku akitukana kwa sauti ya maktaba.

Jana yake shemeji, kaka wa mkewe, aliyekaa naye chumba kimoja cha mitambo miaka kumi na miwili, alimwambia, "Shem, pumzika. Nimemwongezea mstari mmoja. Folda ikikosekana anaitengeneza mwenyewe, na ya juu yake, na ya juu yake tena, mpaka njia ikamilike."

Fundi alimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

Sasa alifungua orodha, akapuliza chai, akasoma kilichotengenezwa kwenye ile kompyuta ya nyumbani: folda tano, moja ndani ya nyingine. Nyumbani. Chumba cha mtoto. Nyuma ya kitanda. Mlango. Ndani.

Faili lenyewe, lililoitwa Mgeni, lilikuwa bado njiani. Asilimia arobaini.

Feni za mitambo zilianza kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Simu ikaita.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, "ukuta wa chumba cha mtoto unagongwa. Kwa ndani. Na rangi imepasuka, kama mstari, kama umbo la kamlango."

"Mtoe mtoto hapo."

"Yuko shule. Ndiyo maana nakuuliza nani anacheka."

Fundi aligeuka. Shemeji alikuwa anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Kilikuwa kwangu tangu mwaka jana," shemeji alisema, bila kuinua macho. "Mganga alisema hakitoki mpaka kitengenezewe nafasi kwa mtu mwingine."

"Kwa mpwa wako?"

"Nina watoto watatu, shem. Wewe una mmoja." Alisema kama mtu anayegawa viti kwenye gari.

Fundi hakumpiga. Alikaa, akaufuta ule mstari, akaanza kufuta folda kuanzia ya ndani kabisa, na kila aliyoifuta ilifuatiwa na pumzi nzito kutoka kwenye feni, na ile harufu ikamshika kooni, na asilimia zikapanda, themanini, tisini, tisini na nane, huku nyuma yake mlango ukifunguka na viatu vya shemeji vikienda taratibu ukumbini, mpaka folda ya mwisho ikatoweka na Tarishi, kwa adabu zake za zamani, akaandika: Mahali pa kuweka hapapo. Nimerudi.

Feni zikanyamaza. Fundi alicheka peke yake, akalia kidogo, akamalizia chai iliyopoa.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mkewe alimpokea akitabasamu, rangi imemrudia usoni.

"Kumeshatulia. Halafu kaka ana moyo, jamani. Nilimweleza kwa simu, akaja na mbao zake na msumeno, akaziba ule ufa. Kaweka kikabati kizuri, kina kamlango. Kakitengeneza kwa mkono wake mwenyewe."

Fundi alipita bila kuvua viatu. Binti yake, bado na sare za shule, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kitanda, sikio kwenye mbao. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Baba, ongea polepole," alisema. "Ndiyo kwanza amefika."