Bango la Linnea

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, Mtaa wa Birch mzima hufanya gulio la uani. Kila nyumba hutoa meza mbele ya mlango na kupanga vitu ambavyo wenyewe wamevichoka: vikombe visivyo na wenzake, taa za mezani, viatu vya kutelezea kwenye barafu, midoli, na mashine za kahawa zinazofanya kazi siku zikipenda. Watu wa Wisconsin, ukiwaambia kuna vitu vinauzwa uani kwa mtu, wataacha kifungua kinywa mezani. Hufika kabla meza hazijapangwa, wakachungulia ndani ya banda la gari na kuuliza, "Na kile cha nyuma kule, kinauzwa?"

Linnea Sorby, binti wa miaka kumi na miwili, aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu yoyote. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya kubandikwa kwenye nguzo za barabara kuu, yenye mishale ya kuwaleta watu nyumbani kwao. Aliianza kazi hiyo tangu alipojua kuandika, na hakuna aliyewahi kumpokonya.

Ijumaa jioni alikuwa ameshapanga kalamu zake nene mezani, mama yake alipoingia jikoni na rundo la mablanketi.

"Linnea, mwanangu, mwaka huu mwachie Maren mabango. Wewe nisaidie kubandika bei."

"Mabango ni yangu, Mama!"

"Najua. Lakini mwenzio ana mkono wa kuchora, na itamchangamsha kidogo. Haya, anza na vile vibakuli."

Maren alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Linnea. Mama mdogo huyo alikuwa amelazwa hospitali ya mjini tangu majira ya baridi, na Maren akaletwa kwa akina Sorby na begi moja tu la nguo. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa Maren hivi, Maren vile. Maren kala? Maren kalala vizuri? Linnea naye alikula na kulala, lakini hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameyavumilia hayo yote. Alimpa Maren nusu ya chumba na nusu ya kabati. Sasa hata mabango? Alibandika bei kwenye vibakuli huku amefura, na vingine akavibandika juu chini.

Asubuhi ya Jumamosi watu walimiminika. Bi. Dufek, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mtaa, alifika akicheka peke yake.

"Jamani, nani kachora bango lile la pale kwenye kona? Kuku kabeba sufuria kichwani! Nimecheka mpaka nimesimamisha gari!"

"Ni Maren wetu," Mama alijibu, akamshika Maren begani.

"Kumbe! Nilijua tu si Linnea. Mshale wake wa mwaka jana si ulinipeleka makaburini? Nikajiuliza, wee, hawa akina Sorby wanauza nini huku?"

Watu wote waliokuwa uani wakaangua kicheko. Baba alicheka. Mama naye alicheka mpaka akajifuta macho. Maren peke yake hakucheka, lakini Linnea hakuliona hilo. Alichokiona ni ule mkono wa mama yake kwenye bega la Maren. Masikio yalimwaka moto. Kwa wivu akasema anakwenda kuchukua barafu ya kutia kwenye juisi ya limau.

Jikoni hakukuwa na mtu. Pale dirishani ilisimama chupa ya chai ya Maren, ya kijani, imebonyea ubavuni na rangi imemenyuka. Mama yake Maren alikuwa akiibeba kila siku kwenda kazini kwenye kiwanda cha jibini. Sasa kila Jumamosi saa kumi, alipopiga simu kutoka hospitali, Maren alijimiminia kahawa yenye maziwa mengi kutoka kwenye chupa hiyo, na huko mama yake akawa na kikombe chake. Wakanywa pamoja huku wakiongea, kana kwamba wamekaa meza moja.

Linnea aliyajua hayo yote. Hata hivyo aliichukua.

Hakuiweka mezani ili iuzwe. Aliipitisha mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaitumbukiza kwenye boksi la bure. Boksi la bure hukaa ukingoni mwa barabara, nje kabisa ya uwanja, na kila mtu wa pale anaijua sheria yake: kilichomo ni cha atakayekichukua, haulizi bei, hagongi mlango, na mwenyewe harudi kukidai. Ndani mlikuwa na mitungi mitupu na kamba kuukuu. "Ni likopo tu, tena limebonyea," Linnea alijisemea. Akarudi kwenye meza ya juisi, na kwa muda mfupi akajiona mwepesi, raha mustarehe.

Muda huo haukudumu. Alipogeuka tena kutazama barabarani, chupa haikuwepo. Mitungi haikuwepo. Hata boksi lenyewe halikuwepo; mtu alikuwa amebeba lote lilivyo.

Baada ya chakula cha mchana Maren alitoka nje akitazama chini ya meza, moja baada ya nyingine. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliinua vitambaa, akachungulia, akavishusha taratibu.

"Mama mkubwa," alisema mwishoni, "umeiona chupa ya mama?"

Mama alisimama wima. Kisha akageuka kumtazama Baba, na uso wake ukabadilika. "Erling! Umeuza chupa ya mtoto?"

"Mimi? Si mimi!"

"Mwaka juzi uliuza buti zangu nikiwa nimeingia ndani kuvaa soksi!"

"Buti niliuza, nakubali! Lakini chupa sijaigusa, haki ya Mungu!"

"Kila mwaka si wewe, na kila mwaka ni wewe!" Mama alikuwa karibu kulia. "Mtoto wa watu ana kitu kimoja tu cha mama yake humu ndani. Kimoja!"

Baba alibaki ameshika sufuria aliyokuwa akiiuza. Wanunuzi walijifanya wanatazama vitabu. Linnea alimtazama baba yake akibebeshwa kosa lisilo lake. Alimvuta mama yake mkono mpaka ndani ya banda la gari.

"Si Baba," alisema. "Ni mimi. Niliitia kwenye boksi la bure."

Mama alimtazama kama anayetazama mtoto wa jirani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu kila kitu sasa ni chake! Mabango yalikuwa yangu. Wewe ulicheka. Bi. Dufek aliponisema, wewe ulicheka kuliko wote!" Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya hasira au ya aibu.

"Hilo tutaliongea, nakuahidi," Mama alisema. "Lakini kwanza nenda ukamwambie mwenye chupa. Mimi sitakusemea."

Linnea alimkuta Maren ameketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Alimwambia kwa maneno machache, macho yakitazama viatu vyake. Maren aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na ule upole ukamuuma Linnea kuliko kama angeubamiza.

Aende wapi sasa? Alikimbia nyumba hadi nyumba kwenye magulio ya mtaani, akiuliza nani kaonekana na boksi. Hakuna aliyejua. Watu walikuwa wametoka miji yote ya jirani, wanakuja na kuondoka. Ndipo alipowaza: wote hawa wanaletwa na mabango, na kila anayekuja au kurudi hupita pale kwenye kona. Alirudi mbio, akachukua kadibodi iliyobaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya banda na kuandika kwa herufi kubwa: IMEPOTEA CHUPA YA CHAI YA KIJANI.

Kivuli kikaangukia kadibodi. Alikuwa Maren, amesimama nyuma yake.

"Haikupotea," Maren alisema.

Linnea aliishika kalamu juu ya kadibodi. Aliyaona macho ya mtaa mzima yakisoma. Aliwaona wenzake wa shule, na Bi. Dufek na ile sauti yake. Angeweza kuliacha lile neno IMEPOTEA hapo lilipo, na hakuna ambaye angemdai zaidi. Kisha akaigeuza kadibodi upande wa pili, akaandika upya:

NILITOA BURE CHUPA YA CHAI YA KIJANI. HAIKUWA YANGU. NI YA MAREN. ALIYENAYO, TAFADHALI AIRUDISHE. – LINNEA SORBY

Upepo ulikuwa mkali, gundi ya karatasi haikushika kwenye nguzo, basi akasimama pale kwenye kona na kulishika bango kwa mikono yake miwili, chini ya yule kuku wa Maren. Magari yalipunguza mwendo, watu wakasoma, wakamtazama, wakaenda zao. Wavulana wa darasa lake walipita na baiskeli. "Oyaa, Linnea! Na mimi nigawie baiskeli ya mtu!" Wakacheka mpaka wakapotea mwisho wa barabara. Bi. Dufek naye alipita. Alisoma, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza tangu Linnea amjue, hakuwa na la kusema. Baadaye alirudi na glasi ya maji, akamnywesha, akaondoka.

Mikono ilikuwa imekufa ganzi gari kuukuu la mizigo liliposimama mbele yake. Dirishani alichungulia Mzee Tollefson, anayeishi shambani nje ya mji, mwenye kofia ambayo hakuna aliyewahi kumwona ameivua.

"Wewe ndiye Linnea Sorby?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilichukua boksi kwa ajili ya mitungi, ya kutilia misumari. Chupa nimeiosha vizuri, nikasema itanifaa wakati wa kuvuna. Sasa narudi kutazama magulio mengine, nakuta bango lako." Aliinua ile chupa ya kijani kutoka kwenye kiti cha pembeni, lakini hakuitoa dirishani. "Sasa sikia, binti. Cha boksi la bure hakirudishwi. Toka nimezaliwa sijawahi kukirudisha, na sijawahi kudai changu."

"Najua, mzee," Linnea alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Tollefson alilitazama tena bango, midomo ikimcheza. "Ungeandika imepotea, ningepita moja kwa moja. Ningesema, imepotea kwako, imeokotwa kwangu. Lakini umeandika haikuwa yako kutoa. Kama haikuwa yako kutoa, basi na mimi sijapewa." Akanyoosha mkono na chupa ikatoka dirishani. "Kimbia. Nadhani huyo Maren anaisubiri."

Linnea alikimbia, bango kwapani, chupa kifuani. Simu ilikuwa ikilia alipoingia jikoni. Maren aliichukua chupa kutoka mikononi mwake, akaigeuza huku na huku, akapapasa ile sehemu iliyobonyea. Mama alikuwa ameshachemsha kahawa na maziwa. Wakaitia haraka kwenye chupa, Maren akajimiminia kikombe, akapokea simu.

"Ndiyo, Mama, ninakunywa," Linnea alimsikia akisema. "Ninayo hapa hapa. Leo ilitoka kidogo kutembea." Alisikiliza, akamtupia Linnea jicho. "Hapana. Imerudishwa."

Linnea alitoka nje, akaliegemeza bango ukutani, akaketi kwenye ngazi. Uwanjani Baba alikuwa akikunja meza. Mama alikuja akakaa karibu naye, mabega yao yakagusana, na Linnea akamsimulia aliyoyasema Mzee Tollefson.

"Nilikosea mimi pia," Mama alisema. "Nilikunyang'anya kazi yako bila kukuuliza, halafu nikakucheka mbele za watu. Ungeniambia jana, ningekuomba radhi jana."

"Niliona aibu kusema nina wivu."

"Wivu humpata kila mtu, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nao kwa mdogo wangu, huyu huyu aliye hospitali leo. Kuuona si kosa. Kosa ni kuuficha mpaka ukakutuma kumuumiza asiyekukosea. Maren hakukunyang'anya kitu. Siku nyingine ukikuuma, njoo useme, hata kama aliyekosa ni mimi. Na ukishakosa, fanya kama ulivyofanya leo: sema kosa lote, usilipunguze. Umeona nusu ya ukweli ingekurudisha mikono mitupu."

Mlango ulifunguliwa nyuma yao. Maren alikuwa amemaliza simu. Alishuka ngazi moja, akasita, kisha akaketi upande wa pili wa Linnea, akamwekea mkononi kile kikombe, bado kina kahawa ya vuguvugu kidogo.

"Mwakani mtatengeneza mabango nyote wawili," Mama alisema.

Linnea alikunywa funda moja. "Mishale achore Maren," alisema, "tusije tukawapeleka watu makaburini."

Maren alicheka, kicheko cha kwanza cha siku nzima. Akaliokota lile bango lililoegemezwa ukutani, akalisoma tena tangu mwanzo hadi kwenye jina.

"Na maneno aandike Linnea," alisema.