Mkwe Alikamua Maziwa, Mahakamani Nikaitwa Mimi

Sikuwa na wakili. Sikuwa na shahidi. Koti sikuwa nalo, na shati nililovaa lilikuwa la kuazima, kola yake ikininyonga.

Hata kosa sikuwa nalo.

Lakini nilikuwa kizimbani, Tabora mjini, miaka ile ya Ujamaa, na hakimu alinitazama kama mtu aliyekwisha kuamua...

Tulieni niwaeleze, ninyi mnaosoma huku kidole kinataka kupita.

Nilikuwa na ng'ombe wachache na kibali cha kuuza maziwa. Kibali hicho ndicho kilichotulisha mimi, mke wangu Leonia na mtoto wetu mchanga. Leonia alipojifungua, mama yake akaja kutoka Ziba kutusaidia. Akashika kazi ya kukamua.

Wasukuma na Wanyamwezi wenzangu mnajua. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Akiwa zizini, mimi napita nyuma ya nyumba. Ndoo naikuta mlangoni, imefunikwa. Nabeba, nauza.

Siku moja sokoni bwana afya akatumbukiza kipimo chake.

"Mayala, maziwa haya yana maji."

"Maji ya nani?"

"Utamwambia hakimu."

Tangu hapo sikutulia. Nilizunguka uani mpaka Leonia akasema, "Kaa chini, unamtia mtoto kizunguzungu."

Basi, kizimbani nikajitetea.

"Mheshimiwa, sikujua kuna maji."

"Sijakuuliza kama ulijua. Maziwa ni yako?"

"Yangu."

"Uliyauza wewe?"

"Mimi."

"Basi una hatia. Kosa hili haliulizi nia. Tumbo la mtoto aliyekunywa maji machafu nalo haliulizi."

Nilikuwa nasoma kisomo cha jioni, najiona naijua sheria... kumbe!

"Kwa nini hukuikagua ndoo?"

"Zizini kulikuwa na mkwe wangu, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Bwana afya, mtu wa Pwani, akamnong'oneza jirani yake, "Kwani mkwe anang'ata?"

Mwendesha mashtaka akaomba ninyang'anywe kibali.

Hapo sauti ikatoka nyuma...

Mama mkwe. Amejifunika kanga mpaka machoni, ameugeukia ukuta.

"Maji niliweka mimi. Kata moja kila ndoo. Bibi yangu alinifundisha, maziwa yakitoka nyumbani bila maji, titi linakauka. Nilikuwa nawalinda ng'ombe wake."

Nilitazama sakafu mpaka shingo ikauma.

Hakimu akamgeukia.

"Mama, hatia hujaiondoa. Aliyeuza ni yeye. Ila kwenye adhabu, nia naruhusiwa kuitazama. Namwonya tu. Kibali abaki nacho."

Nikatoka nikidhani nimeshinda.

Nyumbani nikakuta mama mkwe amekwisha kuondoka. Alikuwa amesema mbele yangu mimi mkwe wake, tena mbele ya umati, na aibu ile hakuweza kulala nayo. Akarudi Ziba.

"Kibali umekipata kwa aibu ya mama," Leonia akaniambia. "Asiporudi, na mimi namfuata."

Nikaanza tena kuzunguka uani...

Somo nililopata ni hili. Unachouza kikague mwenyewe, hata kama kimetoka kwa mtu unayemheshimu mpaka unaogopa kumtazama. Sheria itakushika kwa kilichotoka mkononi mwako. Lakini mtu wako wa nyumbani usimpime hivyo. Yeye mtazame nia.

Kwenda Ziba kumsihi uso kwa uso nisingeweza. Kwa hiyo nikakata matete, kisha nikachukua kalamu. Niliandika mwenyewe, sikumwomba mtu.

"Mama, shikamoo. Nimejenga ukuta wa matete zizini. Chini nimeacha uwazi wa kimo cha ndoo. Nitaiona ndoo, wewe sitakuona. Maji ya baraka wanyunyizie ng'ombe mgongoni, maziwa yaache. Mjukuu wako analia, na mimi sijui kumbembeleza."

Nikalamba bahasha, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika, nikampa dereva wa basi la Igunga aifikishe Ziba.